Kwa Nini Plagi ya Pikipiki ya Zamani Haiishi Kuchafuka

Ukiingia duka lolote la spea hapa Malindi ukauliza nani ananunua plagi nyingi kuliko wote, hutatajiwa kijana wa bodaboda mpya. Utatajiwa yule mwenye Yamaha DT ya enzi za babake, au Suzuki A100 iliyokuwa ya ofisi ya serikali ikapigwa mnada, au mzee wa BSA anayeitoa Ijumaa tu. Hawa hutembea na plagi ya akiba mfukoni. Injini ikianza kukohoa na kuzima karibu na soko, mtu anaegesha kivulini, anafungua iliyomo, anafunga mpya, anaondoka. Wiki haijaisha amerudi dukani. Muuzaji hana haja ya kumwuliza kitu, biashara ni biashara.

Lakini plagi mpya inayokufa ndani ya wiki haijafa kwa ubovu wake. Kuna jambo injini inalifanya, au imeacha kulifanya, na plagi ndiyo sehemu pekee ya chumba cha moto unayoweza kuitoa kwa spana moja ukaitazama kwa macho. Ukiitupa bila kuitazama umepoteza pesa, na jibu umelitupa pamoja nayo.

Tuanze na kazi yake. Katikati ya plagi mna ncha ya chuma inayopokea umeme kutoka kwenye koili, kile kifaa kinachopandisha volti. Pembeni mna ulimi uliopinda, uliounganishwa na mwili wa plagi, na mwili huo umekaza kwenye kichwa cha injini, yaani umeshika athi, njia ya umeme kurudia. Kati ya ncha na ulimi mna nafasi ndogo. Kwa pikipiki nyingi za zamani ni 0.6 hadi 0.7 mm. Umeme wa maelfu ya volti unaruka nafasi hiyo, cheche inatokea, petroli inawaka. Kinachouzuia kupita njia ya mkato ni ile kauri nyeupe inayoizunguka ncha ya kati.

Sasa, masizi ni kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Kauri ikishavikwa masizi, umeme hauna sababu ya kuruka: unateremka juu ya masizi hadi kwenye mwili wa plagi na kuishia athi. Na koili ya mfumo wa pointi, vile vyuma viwili vinavyofunguka na kufunga kukata umeme, haipandishi volti kwa ghafla. Inazipandisha kwa muda mfupi sana, lakini muda huo unatosha kuzivujisha, zisifike kiwango cha kuruka. Mfumo wa CDI, ule wa kielektroniki usio na pointi, huzipandisha kwa kasi kubwa zaidi, ndiyo maana pikipiki ya CDI huvumilia plagi chafu ambayo ile ya pointi ingeikataa kabisa. Wenye pikipiki za miaka ya 60 na 70 hawana bahati hiyo.

Hapa pia ndipo ubishi mwingi wa gereji unapomalizika. Fundi anatoa plagi, anailaza juu ya kichwa cha injini, anapiga kiki, cheche inaonekana, anasema plagi nzima. Ikirudishwa ndani, injini kimya, mwenye pikipiki anasema plagi mbovu. Wote wawili wamesema kweli. Kuruka hewani ni rahisi; kuruka ndani ya silinda, ambamo hewa na petroli vimebanwa na pistoni, kunahitaji volti nyingi zaidi. Plagi inayovuja huweza kutoa cheche nje na ikashindwa ndani. Mwenye multimita anaweza kukata maneno: pima ukinzani kutoka ncha ya kati hadi kwenye mwili wa plagi. Plagi safi haionyeshi njia yoyote ya umeme. Ikisoma chini ya megaomu moja, hiyo inavuja, hata kama imesuguliwa ikang'aa.

Jambo la pili la kuelewa kabla ya kushika spana ni joto. Plagi inatakiwa ijisafishe yenyewe. Pua ya kauri ikifika kama nyuzi 450 za Selsiasi, masizi yanayoiangukia huungua na kutoweka. Ikipita takribani nyuzi 850, pua yenyewe huwa kaa la moto linalowasha petroli kabla ya cheche, na huko ndiko pistoni hutobolewa. Plagi nzuri ni ile inayokaa kati ya mipaka hiyo miwili kwa namna unavyoendesha wewe, na maneno hayo ya mwisho ndiyo husahauliwa. Injini iliyobuniwa ikimbie 80 kwa saa, ikiendeshwa mwendo wa tuktuk kutoka Maweni hadi gati ya wavuvi, siku nzima kwa gia ya pili, haifikishi pua ya plagi nyuzi 450. Masizi yanaanguka na hakuna cha kuyaunguza.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu kitu chochote, jiulize pikipiki yako inatembea vipi. Kama haitoki nje ya mji, ipeleke barabara ya Mombasa hadi Gede na kurudi, kwa mwendo unaostahili, kisha ufungue plagi. Baadhi ya magonjwa huishia hapo.

Rangi ya plagi

Vitabu vya zamani vinakwambia plagi nzuri ni ya rangi ya kahawia, ya biskuti. Kweli ilikuwa hivyo, lakini petroli ya wakati huo ilitiwa madini ya risasi, na sehemu ya rangi ile ilitoka kwenye risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuachana na petroli hiyo, na ilipofika Januari 2006 ilikuwa imeondoka. Petroli ya leo haipaki rangi upesi. Mtu anayesubiri kahawia ya kitabu cha mwaka 1972 ataendelea kuongeza petroli mpaka aharibu kila kitu. Siku hizi pua iliyo karibu na nyeupe chafu, au kijivu hafifu, yenye mstari mwembamba wa masizi kule chini kabisa kauri inapoingia kwenye chuma, ni plagi njema. Mstari huo ndio wa kusoma, na utahitaji tochi.

Masizi makavu, meusi, laini, yanayotoka kwa kidole: petroli imezidi hewa, au cheche ni dhaifu, au plagi ni baridi mno kwa mwendo wako. Weusi wenye unyevu na utelezi, harufu ya oili: oili inaingia chumba cha moto. Plagi iliyolowa na kunuka petroli tupu: petroli ilifika, cheche haikufika. Nyeupe kama chokaa, yenye vitone vidogo vya chuma: hiyo si chafu, hiyo ni hatari; injini inachukua hewa nyingi mno, simamisha safari. Na kauri yenye mng'ao wa kioo cha manjano huwa na masizi yaliyoyeyuka yakagandia juu yake kwa mwendo mkali wa ghafla, hiyo haisafishiki.

Kosa la kawaida ni kusoma plagi baada ya kuiacha injini inguruma mlangoni. Hapo unasoma mwendo wa kusimama tu. Usomaji wa kweli ni huu: funga plagi mpya, toka barabarani, shika mwendo mmoja kwa kilomita kadhaa, kisha kwa mara moja zima swichi na ubane klachi, uteleze hadi pembeni, ufungue papo hapo. Barabara ya Mambrui baada ya daraja la Sabaki inafaa, mradi hakuna matatu nyuma yako.

Petroli: tafuta mahali kwenye mkono wa moto

Tuseme umepata masizi makavu. Kila mtu atakwambia petroli inazidi, na mara nyingi ni kweli. Kandili ikipandishwa utambi kupita kiasi, chemni hujaa masizi; ni jambo lilelile, mafuta mengi kuliko hewa ya kuyachoma. Ila hatua inayofuata ndiyo watu wanapopotea: wanakimbilia kubadilisha jeti kubwa, moja ya vile vitundu vinavyopima petroli ndani ya kabureta.

Kabureta ya zamani haina njia moja ya petroli. Ukiwa hujavuta mkono wa moto, ule wa kuongezea mwendo, au umeuvuta kidogo sana, kama sehemu ya nane, petroli inapita jeti ndogo na ile skrubu ya hewa. Kuanzia hapo hadi robo, ukataji wa chini wa ile slaidi, kipande kinachopanda ukivuta mkono, ndio unaoamua. Kutoka robo hadi robo tatu ni sindano na tundu lake. Jeti kubwa haitawali mpaka uvute robo tatu kwenda juu. Sasa nitajie mtu anayevuta robo tatu kwenye barabara za mji wa Malindi. Anayebadilisha jeti kubwa kwa pikipiki inayokohoa sokoni amebadilisha kitu ambacho hakitumiki. Bandika kipande cha utepe kwenye mkono wa moto na kingine kwenye mwili wake, weka alama za robo, nusu, robo tatu, kisha uendeshe ukijua unakohoa wapi. Ni kazi ya dakika tano na inaokoa wiki za kubahatisha.

Kwa pikipiki za zamani mshitakiwa mkubwa ni sindano. Inacheza ndani ya tundu la shaba kwa mtikisiko wa miaka 40, na tundu linaacha kuwa duara, linakuwa kama yai. Nafasi ikiongezeka, petroli inapita zaidi, na inazidi hasa kwenye robo hadi nusu, yaani palepale unapoendeshea kila siku. Kuishusha sindano kwa kuhamisha klipu yake mtaro mmoja juu kunasaidia kidogo, lakini tundu likishaliwa dawa ni kununua tundu na sindano mpya pamoja. Mtu akikuuzia sindano peke yake amekupunguzia shida nusu.

Kabla ya kufika kwenye sindano, maliza yale ya bei rahisi. Filta ya hewa iliyojaa vumbi la Ganda. Choki, ile ya kuongezea petroli injini ikiwa baridi, ambayo hairudi hadi mwisho ukiizima, hasa ile ya waya iliyoshika kutu. Boya lililotoboka na kuzama, au sindano yake isiyoziba, inayoiacha petroli ipande kupita kiwango. Dalili yake ni harufu ya petroli asubuhi na injini isiyowaka mpaka upige kiki mara nyingi mkono wa moto ukiwa wazi. Funga koki ya tangi kila unapoegesha. Kwenye fostroki, injini ya mapigo manne, petroli inayovuja usiku hushuka mpaka kwenye oili ya injini, na hapo plagi ndiyo hasara ndogo kuliko zote.

Petroli yenyewe nayo haiaminiki kila mahali. Mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko petroli kwa miaka mingi, na wachanganyaji walijua. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuiua faida hiyo. Jambo lilipungua, lakini anayenunua kwa chupa kando ya njia bado ananunua asichokijua. Mafuta ya taa huungua polepole, huacha masizi mengi, na hufanya injini igonge ikibanwa mlimani.

Kuna jambo moja la hewa ambalo watu wa pwani tunalipindua. Utasikia, "Pikipiki hii ilitoka Nairobi, hewa ya huku nzito, ndiyo maana inachafua plagi." Ni kinyume. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya kule ni hafifu kwa kiasi kikubwa, karibu asilimia 15 hadi 18. Kabureta iliyopangwa kule ikishuka Malindi inapata hewa zaidi, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mwepesi: plagi inaelekea weupe, injini inachemka, na kwenye tustroki, ile ya mapigo mawili, pistoni inaweza kukwama. Anayechafua plagi ni yule aliyepanga kabureta hapa, akapanda nayo Nairobi. Kama umeinunua kule, angalia plagi yako kwa hofu ya weupe kwanza.

Oili, na jarikeni la mashua

Tustroki huunguza oili kwa makusudi, kwa hiyo unyevu kidogo si ugonjwa. Swali ni kiasi. Pikipiki za kale zisizo na pampu huchanganywa tangini, na vitabu vingi vya zamani vinasema 20 kwa 1, yaani mililita 50 za oili kwa lita ya petroli. Oili za wakati huo zilihitaji hivyo. Oili ya tustroki ya leo ya daraja la JASO FC au FD imeundwa iungue safi, na wengi wenye injini hizo huteremka hadi 30 au 40 kwa 1 bila shida. Nisingeshuka zaidi kwa injini ya kupozwa na upepo katika joto la hapa.

Yamaha walitoa mfumo wa Autolube mwaka 1964, na Suzuki wakawa na wao: pampu inachukua oili kwenye tangi lake na kuipeleka kadiri unavyovuta mkono. DT nyingi zilizobaki huku ni za aina hiyo. Pampu hiyo ina waya wake, na waya ukikazwa vibaya pampu inapeleka oili ya mwendo kasi hata ukiwa umesimama. Kwenye pampu kuna alama mbili za kulinganisha. Fundi aliyezaliwa baada ya pikipiki hizi mara nyingi hajui kama zipo.

Halafu kuna kisa cha pwani kabisa. Kijana mmoja alileta DT kwa fundi pale Kisumu Ndogo, plagi imelowa tope jeusi, moshi umefunika uchochoro.

"Fundi, pampu nimeipunguza mpaka basi, na bado yafuka."

"Petroli watia wapi?"

"Sheli. Ila siku hizi nachukua kwa ami yangu, ana mashine ya boti, hubakisha."

Fundi hakugusa pampu. Alichukua jarikeni, akadondosha matone kwenye kipande cha karatasi nyeupe, akakiweka juani juu ya kiti cha pikipiki. Petroli iliruka mara moja. Katikati ya karatasi likabaki doa linalong'aa, linalopitisha mwanga. Petroli ya ami ilikuwa imeshachanganywa oili kwa ajili ya mashine ya boti, na pampu ya DT ilikuwa ikiongeza yake juu yake. Hapo hapakuwa na cha kufungua. Ilikuwa ni kumwaga tangi, na kuirudisha pampu kwenye alama zake upesi, maana petroli safi ya sheli ikiingia wakati pampu bado imepunguzwa "mpaka basi", pistoni ndiyo italipa.

Oili ya boti nayo inastahili neno. Makopo yenye alama ya TC-W3 yamejaa madukani hapa kwa sababu ya wavuvi, na ni oili nzuri kwa mashine iliyopozwa na maji ya bahari. Injini ya pikipiki hupozwa na upepo, inafika joto kubwa zaidi, na oili hiyo haikuundwa kuzisafisha ringi za pistoni kwenye joto hilo. Ringi zikigandia kwenye mitaro yake, mbano unapungua, moto unakuwa baridi, masizi yanazidi. Plagi inachafuka kwa sababu ambayo hakuna anayeihusisha na kopo la oili.

Kwa tustroki kongwe usisahau bomba la moshi. Kaboni ya miaka hujaa kwenye kile kijiti cha ndani, moshi haupati pa kutokea, nao huchafua mchanganyiko unaofuata. Kitoe ukichome moto na kukikung'uta. Kazi chafu, faida kubwa.

Fostroki, kama Honda CG125 iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, haitakiwi kuwa na oili kwenye plagi kabisa. Ikiwapo, inatoka juu kwa bushi zinazoongoza valvu na sili zake, au chini kwa ringi. Moshi wa buluu unaotoka ukivuta mkono kwa nguvu huelekeza kwenye ringi. Moshi unaotoka unapouachia mkono baada ya mwendo, kisha ukivuta tena, huelekeza kwenye valvu. Malindi hatuna mteremko wa kuujaribu, basi achia mkono ukitoka kasi kabla ya mzunguko. Kipimo cha kukata shauri: pima mbano, kisha mimina kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Mbano ukipanda sana, ringi zimekwisha. Usipobadilika, tazama juu.

Umeme na chumvi ya kusi

Nimeacha umeme hadi hapa kwa sababu ndivyo mafundi wengi wanavyofanya, na ndiyo maana plagi zinaendelea kununuliwa. Cheche dhaifu huacha petroli isiyoungua vizuri, nayo huwa masizi, na masizi huidhoofisha cheche zaidi. Ukiangalia plagi utaona masizi makavu, utalaumu kabureta, utapunguza petroli, na hakuna kitakachobadilika.

Kusi ikivuma, kila pikipiki iliyoegeshwa karibu na bahari hulambwa na chumvi. Chumvi na unyevu hula kiungo cha athi, hula soketi za waya, huweka utando kwenye nyuso za pointi. Kwenye shaba utaona kutu ya kijani. Kila kiungo kama hicho hunyang'anya koili sehemu ya nguvu zake. Lakini mbaya kuliko chumvi ni rangi mpya. Mtu akiifufua pikipiki ya babake hupiga fremu rangi nzito, inayong'aa, kisha anafunga koili juu ya rangi. Koili nyingi za zamani zinapata athi kupitia fremu hiyohiyo. Kwangua rangi chini ya boliti ya koili mpaka uone chuma, paka grisi kidogo juu, ukaze. Nimeona pikipiki nzuri kabisa ikisukumwa kwa miguu kwa sababu hiyo tu.

Pointi zikaguliwe nafasi yake, 0.3 hadi 0.4 mm kwa nyingi, na nyuso zake zisuguliwe kwa msasa laini kisha zifutwe kwa karatasi safi. Ukiona pointi zinatoa cheche kubwa za buluu zenyewe kila zinapofunguka, shuku kondensa, kile kikopo kidogo kinachozuia cheche kwenye pointi. Kondensa inayokufa ina tabia ya kukufanya uonekane mwongo: pikipiki inawaka vizuri ikiwa baridi, inakata moto ikishachemka, inapoa ukiwa unatafuta fundi, inawaka tena fundi akifika.

Waya wa plagi wa kale unaweza kukatwa sentimita moja mwishoni, upande uliooza, ukaingizwa tena kwenye kofia. Kofia yenyewe huwa na ukinzani wa kama kiloomu 5 ndani. Zilizozeeka husoma mara nyingi ya hapo au hazisomi kabisa. Na hapa inaingia herufi R kwenye jina la plagi, ambayo ina maana plagi nayo ina ukinzani wake. Magneto, yaani kizalishaji cha umeme cha injini, ikiwa dhaifu na kubebeshwa kofia yenye ukinzani na plagi yenye ukinzani, ndiyo umeizidishia. Chagua kimoja.

Namba zilizoandikwa kwenye plagi

Wengi hununua plagi kwa kulinganisha urefu kwa macho. Chukua NGK B8ES, inayotajwa kwa DT175 nyingi za zamani. B ni kipenyo cha nyuzi za skrubu, mm 14. E ni urefu wa nyuzi, mm 19. Plagi yenye H badala ya E ina nyuzi za mm 12.7. Ukifunga E mahali pa H, ncha inaingia hadi pistoni inaweza kuigonga. Ukifunga H mahali pa E, plagi inajificha ndani ya kichwa, cheche inakaa pangoni, na nyuzi zilizobaki wazi hujaa kaboni hadi siku E halisi inakataa kuingia.

Ile 8 ndiyo daraja la joto. Kwa NGK, namba kubwa ni plagi baridi, yaani inayopoteza joto haraka kwa sababu pua yake ya kauri ni fupi. Champion huhesabu kinyume: namba kubwa ni ya moto zaidi. Ndipo mtu anapobadilisha kampuni akidhani ameenda upande huu, kumbe ameenda ule. Na plagi "ya moto" haiipashi injini joto. Injini ndiyo inayoipasha plagi, na daraja linasema tu joto hilo litakaa kwenye pua kiasi gani.

Kwa pikipiki inayozunguka mjini tu, kutoka 8 kwenda 7 ni dawa halali, baada ya kuhakikisha kabureta, oili na umeme viko sawa. Iwe dawa ya mwisho. Plagi ya moto zaidi huunguza masizi, kwa hiyo huficha ugonjwa uliopo, na siku utakayoamua kwenda Kilifi kwa mwendo kasi juani, joto lile linalokusaidia sokoni linakuwa adui wa pistoni.

Kuhusu kuzisafisha: brashi ya waya ya chuma inaacha michirizi ya chuma juu ya kauri, na michirizi hiyo hupitisha umeme kuliko masizi uliyoyaondoa. Msasa hukwangua mng'ao wa kauri ukaacha vinyweleo vya kukusanya uchafu. Kuichoma kwenye jiko kunakausha oili, lakini kauri inaweza kupata ufa usioonekana. Kwa dharura barabarani, ioshe kwa petroli, ipulize, ikaushe, ufike nyumbani. Kwa pikipiki ya pointi, plagi iliyochafuka vibaya mara moja huwa hairudi kuwa ilivyokuwa. Na unaponunua mpya tazama bandia: maandishi yanayofutika kwa ukucha, ncha isiyokaa katikati, pete ya kuzibia inayodondoka yenyewe.

Ukishamaliza yote haya na tustroki yako bado inalowesha plagi, fungua kizibo cha oili ya giaboksi upime kiwango. Kikiwa kinashuka na hakuna tone chini ya injini, oili hiyo inaunguzwa: sili ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, upande wa klachi imechoka, na krenki inainyonya oili kila pistoni inapopanda. Moshi utakuwa mweupe mzito na harufu yake si ya oili ya tustroki. Sili ya upande wa magneto ikichoka huleta kinyume chake, inavuta hewa kavu, plagi inakuwa nyeupe na injini inapanda mwendo yenyewe bila kuvutwa. Basi ukifungua moja badilisha zote mbili. Ukiambiwa spea za pikipiki hiyo hazipatikani tena, usikate tamaa kwenye duka la pikipiki. Toa sili ya zamani, ifute usoni, soma vipimo vitatu vilivyochorwa pale: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene. Nenda navyo duka la beari, uwaambie unataka yenye midomo miwili inayostahimili petroli.